Springi Iliyokatwa Kama Mguu wa Kigoda

Watu wakiniona natembea nimeinamia kushoto huniuliza ni ajali gani hiyo. Nawajibu kwamba haikuwa ajali. Ajali huja bila kuitwa. Hii yangu ilikaliwa kikao, watu wakajadili, wakakubaliana, wakanywa na soda. Waliokubaliana nawajua: kaka yangu mkubwa anayefuga kule Bukundi, shemeji yetu mchonga vigoda aliyemwoa dada, na fundi mmoja wa gereji hapa Bariadi. Majina yao nayaacha. Wakisomewa haya watajijua wenyewe.

Gari lilinunuliwa kwa madume ya kaka. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikamchungia ng'ombe wake mpaka ndevu zikaanza kuingia mvi, ndipo akakubali kuuza madume nipate kitu cha kufanya mjini. Lakini alisema wazi, mbele ya mama: "Sikupi. Nakuwekesha."

Kwetu mwenye mifugo mingi humwekesha ndugu yake baadhi. Unamchungia, maziwa unakunywa wewe, ng'ombe anabaki wa kwake. Akifa, unampelekea mwenye ng'ombe ngozi aione, ajue hukumuuza kwa siri. Basi mimi niliwekeshwa gari, na maziwa yake yalikuwa nauli. Sikulalamika. Nilijua gari likitembea vizuri sitarudi kuchunga, na duniani sikuwa nataka kingine zaidi ya hicho: nisirudi kuchunga ng'ombe wa mtu.

Tulilichukua Mwanza kwa kijana aliyekuwa amelishusha. Alitoa springi zilizokuja na gari, akatia fupi, likawa linatambaa kama kenge. Lilipendeza, siwezi kukataa. Shida ni kwamba nyuma kushoto lilikuwa limelala kuliko kulia. Ukisimama nyuma yake unaona bampa limekaa upande kama kofia ya mlevi. Nikaanza kupiga mchomoko nalo, abiria wanagawana nauli, Bariadi kwenda Maswa, siku nyingine Nyashimo. Na abiria wa huku hawafichi kitu. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiislamu, mwenye duka la vitenge sokoni, mteja wangu wa kila mara.

"Dereva, hapa kabla yangu alikaa nani, tembo?"

"Kaa tu mama, gari litanyooka."

"Litanyooka hilo, au nitanyooshwa mimi kwenye sanda?"

Gari zima likacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo. Kila tuta tairi la kushoto lilikuwa linasaga bati la fenda, na mlio ule nilikuwa nausikia kwenye meno.

Nikampelekea fundi. Akaliinua na jeki, akatikisa tairi, akachungulia, akaniambia springi za kushoto na kulia hazikutoka gari moja. Yule kijana aliokoteza. Akanieleza njia za kutokea. Ya kwanza, kusokomeza raba katikati ya springi ya kushoto, inainuka kidogo, lakini raba hutoka, na ikitoka unarudi palepale. Ya pili, kununua springi mbili mpya zinazolingana na kurudisha gari kwenye kimo chake cha zamani. Ya tatu, shokapu za nati, zile ambazo unazungusha nati na springi inapanda au kushuka, kila tairi unalipima peke yake mpaka gari likae sawa.

"Wewe unapita Maswa kila siku," alisema. "Kwa barabara zetu ningekuwa wewe ningeweka springi mpya. Ukitaka libaki chini na likae sawa, weka za nati. Raba usiniambie."

Kumbuka maneno hayo, aliyasema yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Nikachagua springi mpya. Nilitaka gari la kazi, urembo nilimwachia kijana wa Mwanza. Lakini gari la kuwekeshwa hulichinji bila mwenyewe. Nikampigia kaka.

Alikuja na shemeji, wamebebana kwenye pikipiki. Kaka alisalimia gereji nzima, "Mwadila!", kisha akalizunguka gari akilipapasa mgongo kama anakagua dume mnadani. Nikamweleza habari ya springi mpya. Akakunja uso.

"Zilizomo zimekufa?"

"Hazijafa, kaka. Hazilingani."

"Kitu hakijafa unakitupa?"

Hapo ndipo shemeji akapata nafasi. Mtu huyu maisha yake yote amechonga vigoda, na hakuna jambo ambalo hajalilinganisha na kigoda. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama bampa.

"Kigoda kikiyumba unafanyaje? Unakata mguu mrefu. Kata huu wa kulia, ilingane, twende nyumbani."

"Shemeji, hili gari. Linaruka mashimo."

"Na kigoda anakikalia mama mkwe wako, mbona hakianguki?"

Wakacheka. Kaka akacheka zaidi ya wote, nikajua nimeshindwa. Nikamgeukia fundi, nikasubiri aseme yale aliyoniambia mimi. Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli, akamwangalia kaka, akaona nani mwenye gari, akasema, "Inawezekana, mzee. Tunakata kidogo tu."

Inawezekana! Mpaka leo neno hilo nikilisikia redioni nazima redio.

Akakata springi ya kulia kwa gurainda, cheche zikaruka mpaka mlangoni. Wakalishusha gari chini. Sasa likalalia kulia. Shemeji akasema ndivyo ilivyo kwa vigoda pia, unarudia. Wakakata kushoto. Wakalishusha tena, na kweli likakaa sawa, bampa limenyooka kama uzi. Kaka akalipiga piga mgongo, akaagiza soda.

Mimi nilikuwa nimeona kitu wakati gari liko juu ya jeki. Springi zilikuwa fupi mno, tairi likining'inia springi inacheza kwenye kikalio chake, unaweza kuizungusha kwa kidole. Fundi akazifunga na waya.

"Fundi, waya utashika?"

"Kinachoshika ni uzito wa gari. Gari linakaa chini, halikai hewani."

"Bhabha, acha woga," kaka aliniambia. "Umeambiwa na fundi."

Yule mama wa vitenge alipopanda tena alipiga makofi. "Leo tumekaa kama watu!" Nikaanza hata mimi kuamini.

Msimu wa pamba malori yaliichimba barabara. Nilikuwa natoka Maswa, namshukuru Mungu sikuwa na abiria, nina marobota ya vitenge vya yule mama tu. Mbele kulikuwa na mfereji umekata njia. Nikapunguza mwendo, mbele ikavuka, nyuma ikaingia, tairi la kushoto likaning'inia hewani. Nikasikia mlio wa chuma kikitoka mahali pake. Tairi liliporudi chini, hapakuwa na cha kulibeba gari. Kona nzima ya gari ikaanguka, fenda ikaling'ata tairi, usukani ukaniponyoka mikononi. Nakumbuka mawe, nakumbuka anga, kisha nikawa nimelala kwenye shamba la pamba, paja langu limeelekea mahali ambapo paja halielekei.

Nilitibiwa. Walinifunga vyuma, mfupa ukaunga mfupi, goti likakataa kukunja. Kaka alifika wodini amevaa koti lake la mnadani. Nilidhani atauliza mguu. Akakaa kitandani, akavua kofia.

"Ngozi iko wapi?"

Wagonjwa wa jirani walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilimwelewa. Alitaka kuthibitisha kwamba gari limekufa na sikuliuza.

Mabaki ya gari aliuza yeye, chuma chakavu. Nilichoomba ni kimoja, springi ile ya kushoto; mtu aliyeiokota kwenye mfereji alikuwa amenitunzia. Niliporuhusiwa sikuwa na pa kwenda. Dereva asiyekunja goti hapewi gari. Nikaenda Bukundi na mkongojo, nikaiweka springi miguuni pa kaka.

"Ngozi yako hii."

Akaigeuza geuza kwenye mwanga. Shemeji alikuwepo. Akaipima kwa kiganja.

"Fundi alikata sana," alisema shemeji.

"Fundi alikata sana," kaka akaitikia, na kesi ikaisha hapo. Fundi naye, nilipopita kwake, aliniambia aliagizwa na mwenye gari.

Leo nachunga ndama wa kaka, wale wasiokwenda mbali, kwa sababu mguu hauendi mbali. Springi ameitundika kwenye nguzo ya zizi. Jioni shemeji akiwepo hupenda kuigonga yeye, kwa nondo, inalia mpaka mbugani. Ikilia najua natakiwa kurudisha ndama.