Anwani Mpya ya Usharika

Kiwanda kilipobinafsishwa, baba mdogo alipunguzwa kazi, akafungua ofisi ya kompyuta mjini, mtaa wa Sokon One. Likizo ya kidato cha tatu nilipelekwa kwake nikasaidie wiki moja. Zikawa nne. Nyumbani, kijijini Kikwe, wenzangu walikuwa wanamalizia mafundisho ya kipaimara, na mwinjilisti alishasema atakayekosa vipindi vinne asubiri mwakani. Mimi nilishakosa vitatu. Kila nikitaka kuomba ruhusa, mdomo haufunguki.

Na kazi nilishaijua, ndiyo shida. Tovuti tatu ziliendeshwa na programu moja: baa ya Moshono, duka la mabati na usharika wa kanisa letu. Katikati niliweka kipande cha programu kinachoangalia mgeni wa tovuti kaandika anwani gani, kisha kimpeleke panapohusika. Anwani kisiyoijua, kinampeleka kwa mteja wa kwanza. Wa kwanza alikuwa baa.

Alhamisi mwinjilisti akaingia.

"Shikamoo, mwinjilisti."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetuuzia bia?"

Wageni wa usharika kutoka Ujerumani walikuwa wamefungua anwani mpya ya kanisa, wakakuta mbuzi choma na chupa zimepangwa.

Baba mdogo akanigeukia. "Hukuiongeza? Si ilitangazwa kanisani Jumapili!"

"Jumapili nilikuwa hapa, baba."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniacha nilinde ofisi.

"Haya, unaweza kurekebisha, au nitafute fundi?"

Ningesema siwezi, fundi angechukua nafasi yangu, jioni ile ningepanda gari la Kikwe, na Ijumaa ningekaa kwenye benchi langu la mafundisho. Nilijua kabisa. Lakini mwinjilisti alikuwa ananitazama, nikaona aibu kuonekana sijui.

"Naweza."

Niliongeza mstari mmoja tu. Mwinjilisti akafungua tena, kanisa likatokea, na kengele yake.

"Lo! Huyu binti ni hazina."

"Ndiyo maana simwachii," baba mdogo akasema, wakacheka wote wawili.

Nikasubiri mwinjilisti ataje kipindi cha kesho. Akavaa kofia yake. "Usijali, mwanangu. Kipaimara kipo kila mwaka."

Baba mdogo alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi na karatasi.

"Wameongeza kazi. Wanataka tovuti ya nne, ya picha za watoto wa kipaimara. Majina yao haya hapa, anza kuyaingiza."

Nikayasoma mara mbili. Langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Nikaanza na la kwanza.