Picha ya Mpinzani Dirishani kwa Shemeji

Jamani, hili nimelikalia kimya tangu nirudi kwetu Nguvumali, lakini kwa kuwa dada ameanza kulisimulia kwenye simu, bora mlisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Nilikwenda Uingereza kumtembelea dada, nikakuta uchaguzi wa ubunge umepamba moto na mumewe, shemeji Salim, ndiye mpiga kampeni mkuu wa mtaa. Jimbo lenyewe la mjini, mchanganyiko mtupu: huku Wapakistani wenye maduka, kule wanafunzi wanaolala mpaka adhuhuri, mwisho wa barabara wazee wa Kizungu wanaolalamikia mapipa ya taka, na Salim akasema hapo kila mlango una thamani yake. Akanipa karatasi za mgombea wake nigawe. "Shemeji, usigonge, usiingie. Tumbukiza kwenye tundu la barua, pita."

Sasa mimi mtu wa Tanga nitumbukize kitu nyumbani kwa mtu nikimbie kama mwizi? Mlango wa tatu, ng'ambo ya barabara mkabala na kwa dada, ikanifikia harufu ya samaki wa nazi (wa nazi, Uingereza!), nikapiga hodi, na sauti ikajibu, "Karibu!" Bibi wa Kipemba!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye mtu wa wapi?"

"Tanga."

"Ewe! Ingia ndani ule."

Nikala, nikaongezwa, nikala tena (msinicheke, wiki nzima nilikuwa wa mkate tu). Aliposikia nimefikia nyumba ile ya ng'ambo, bibi akatoa picha kubwa ya mwanamume mwenye tai. "Mkwe wangu huyu, agombea ubunge. Kambandike dirishani kwenu, nami n'tamwona kutoka hapa."

Nilijua fika huyo ndiye mpinzani wa mgombea wa Salim. Lakini wali wa mtu umo tumboni, ulimi wa kukataa utautoa wapi? Nikabandika, nikajiambia nitaibandua kabla shemeji hajarudi, nikajinyoosha kidogo kwenye kochi, shibe ikanichukua.

Nikaamshwa na kelele. Salim kasimama nje na mgombea wake, mama mmoja wa Kizungu, na wafuasi kama kumi na mpiga picha wa gazeti, wamekuja kupigwa picha mbele ya nyumba ya mpiga kampeni hodari, macho yote dirishani.

"Shemeji!" Akaielekezea picha kidole. "Nani kabandika hii?"

Kabla sijajibu, bibi kule ng'ambo akapunga mkono: "Ahsante, mwanangu wa Tanga!"

Yule mama akauliza bibi kasema nini, Salim akamtafsiria huku uso umemwiva, na mama akacheka mpaka akashika geti, kisha akavuka barabara kwenda kumsalimia bibi (na yeye akalishwa). Salim alininunia siku mbili. Mkwe wa bibi akashinda, na kila shemeji alipoulizwa sababu ya kushindwa, alinitazama mimi tu mpaka nikaondoka.

Nami nimeapa: nikifika tena nchi ya watu wakati wa kampeni, nitafunga saumu mpaka matokeo yatangazwe, maana tumbo langu halina chama.