Mawe Niliyopandisha Juu ya Paa

Makosa ni yangu, sitazunguka. Mke wangu, nimwite Mama Kendi ingawa si jina lake, hawezi kuinua mkono wa kulia kupita bega. Ni mimi nilimfanya hivyo.

Shule niliacha darasa la tatu. Lakini nyumba yangu hapa Kiwanjani nilijenga na mikono hii, kuanzia msingi mpaka mabati. Watu wakipita walikuwa wanasema, "Mzee, umejijengea." Nikavimba kichwa.

Upepo wa Isiolo mnaujua. Ukianza, paa letu lilikuwa linapigapiga mpaka hamsikizani. Siku moja Mama Kendi alikuwa amelala na malaria, macho juu, maana dari hatuna. Akaniita.

"Baba Kendi, angalia hii misumari. Imepita kando ya mbao. Ncha naziona."

"Wewe umejenga nyumba ngapi?"

"Sijajenga. Lakini macho ninayo."

"Basi yafunge ulale."

Nilimwambia hivyo. Mtu mgonjwa.

Kisha nikafanya vile wengi wetu tunafanya. Nikapandisha mawe. Bati likilia, naongeza jiwe. Kelele ilipopungua nikamwambia, si unaona?

Upepo mkali ulikuja Mama Kendi akiwa nje anaanua nguo. Bati la pembeni likainuka kama kifuniko cha sufuria, mawe yakateleza. Moja likampata begani.

Baada ya hospitali nilipanda kushusha mawe yaliyobaki. Msumari nikaung'oa na vidole. Nikaingia ndani, nikalala pale alipokuwa amelala. Mstari mzima wa ncha, zimeshika kutu, upana wa kidole kutoka kwenye mbao. Nilikuwa nimepiga kwa kukisia, nikiamini jicho langu halihitaji uzi.

Nikarudia kazi yote. Safari hii nilivuta uzi kufuata mbao, misumari ikafuata uzi, kwenye mgongo wa bati, kila mmoja na raba yake ya kuzuia maji. Matundu ya zamani nikaziba na lami. Upepo umekuja mara nyingi, paa limetulia.

Nikaenda Chechelesi kwa binti yetu, mahali Mama Kendi alihamia alipotoka hospitali. Alikuwa anamenya viazi, kisu mkono wa kushoto, pole pole.

"Paa limekaa sawa," nikasema. "Rudi uone mwenyewe."

"Ni vizuri. Na nikiona kitu kingine, niseme ama ninyamaze?"

"Useme."

"Mm. Ulichukua muda kujibu." Akachukua kiazi kingine. "Nenda, Baba Kendi. Nitafikiria."

Bado anafikiria.

Wewe ambaye paa lako linalia, wacha mawe. Ingia ndani mchana, uangalie juu, utafute ncha ambazo hazijashika mbao. Na kama mke wako amekuonyesha, simama alipo uangalie kabla hujafungua mdomo. Mimi nina paa zuri sasa. Nalala chini yake peke yangu, na hakuna mtu wa kuniambia chochote.