Suruali ya Mwamuzi

Naikumbuka vizuri Jumamosi ile niliyoingia barazani na suruali mpya, kichwa juu, nikiamini kwamba haki yote ya Johannesburg imo mfukoni mwangu.

Mwanangu, nilikuwa kijana mwenye vitabu vitatu vya sheria na akili ndogo kuliko kitabu chembamba kati ya hivyo. Fundi mmoja wa cherehani alikuwa ameangukiwa na lango la chuma kwenye karakana ya mwajiri wake, Papa Kalume, kule Jeppestown, akafa. Mjane wake, Maman Furaha, alidai fidia. Papa Kalume akajibu kwamba lango lilikuwa zima. Marehemu alilivuta kwa pupa. Kwa kuwa wote wawili waliogopa gharama za mahakama, walikubali kuamuliwa na watu watano wa jumuiya yetu ya Wakongomani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tuliapa kutokwenda karakanani peke yetu, na kutopokea hata glasi ya maji kutoka upande wowote.

Ijumaa nikaenda karakanani peke yangu.

Nilijiambia kwamba nakwenda kutafuta ukweli. Mara nyingi kiburi hujiita hivyo. Nililisukuma lango, nikalivuta, nikaning'inia juu yake. Halikutikisika. Suruali yangu ndiyo iliyonasa kwenye komeo, ikapasuka kutoka mfukoni hadi gotini.

Papa Kalume akatoka ndani. "Eish, mwamuzi wangu! Utapandaje taksi hivyo?" Akaniletea suruali ambayo mteja hakuirudia. Nikaivaa. Ilinikaa vizuri mno, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka.

Kesho yake, katika ukumbi wa kanisa kule Kensington, nilisimama na kutangaza kwamba lango lile ni imara. Niliona waamuzi wawili wakiinamisha vichwa kukubali. Maman Furaha hakunitazama usoni. Alitazama kiuno changu.

"Kijana, geuka."

"Maman, huyu ni mwamuzi," akasema mwenyekiti wetu, Mzee Bahati.

"Basi ageuke kwa heshima."

Nikageuka. Akainama, akagusa pembe ya mfuko.

"Mishono mitatu midogo, na wa nne umelala. Huu ni mkono wa mume wangu. Umeipata wapi?"

Nikasema yote. Papa Kalume naye, alipobanwa, akakiri kwamba lango lilitengenezwa baada ya mazishi.

Mzee Bahati akavua miwani. "Umepima lango lililokwisha kutengenezwa, ukavishwa na mtu unayemwamua. Umebakiza nini? Kuposa kwake?"

Ukumbi ukacheka. Maman Furaha hakucheka. Nilitolewa, mwingine akawekwa, na kesi ikaanza upya. Alilazimika kusimulia tena, tangu mwanzo, alivyomkuta mumewe chini ya chuma kile. Nilimsikia nikiwa nje ya dirisha, nimevaa joho la kwaya, kwa sababu suruali nilikuwa nimemrudishia Papa Kalume. Papa Kalume aliamriwa kulipa kodi ya nyumba ya mjane na ada za watoto hadi wamalize shule.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, dereva mmoja aliyeliona joho langu alishusha kioo akaniomba nimwombee. Nilimwombea. Nilihitaji maombi kuliko yeye.

Mwanangu, ukikabidhiwa kuamua jambo la mtu, ujanja wako uache mlangoni. Sikiliza kinacholetwa mbele ya wote. Usichimbe gizani, usipokee kitu, hata ukiwa umepasukiwa nguo. Kosa lako hutalilipia wewe peke yako: aliyefiwa ndiye atakayerudia kilio chake.

Mungu akupe masikio mapana na mikono mitupu, na siku utakaposimama mbele za watu, usimame ndani ya suruali yako mwenyewe.