Mwalimu Aliyemtoa Fundi Nje

Juzi, kwa fundi wa kompyuta pale Kibondo, mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Mabamba, alileta laptop kuukuu iwekewe Linux, mfumo usioichosha mashine ya zamani. Fundi akamfungulia aina tatu ajaribu, akisifia ile yenye madoido.

“Mwanangu, hebu toka nje,” mama akasema, akimsukuma kwa kiganja. “Kule kwangu hutakuwepo.”

Kwenye ya kwanza alimwita fundi mara mbili amsaidie, ya pili mara moja. Ya tatu, kimya. Fundi alipochungulia, mama alikuwa keshamaliza kuandika barua ya kwaya.

“Niwekee hii.”

“Lakini Mwalimu, hiyo haina urembo!”

“Sijakuita.”

Nilicheka sana. Linux yangu niliichagua kwa urembo, ndiyo maana nilikuwa kwenye foleni ya fundi.