Onyo Jekundu Kwenye Simu ya Mama

Baba alipofariki, Mama alihama Mkata akaja kukaa nasi Masuguru, na simu yake ikiwa imejaa picha za marehemu. Siku moja ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Tuliianika ikakauka, ikawaka kwa shida, lakini picha nyingi zilikuwa zimepotea.

Mume wangu, ambaye anauza vipuri vya pikipiki hapa Korogwe, akanunua kisanduku cha kielektroniki cha kuhifadhia picha, akakiweka sebuleni karibu na ruta ya intaneti. Akanakili humo picha zote zilizobaki, zetu na za Mama.

"Mama, ukiwa hapa nyumbani unagusa hapa tu," akamwambia, "unamwona mzee."

Mama akagusa. Mzee hakuonekana. Kioo kilijaa maneno yenye alama nyekundu, na Mama, ambaye husoma kwa sauti, akayasoma yote: muunganisho huu si salama, huenda kuna watu wanajaribu kuiba taarifa zako.

"Watu gani?"

"Hakuna watu, Mama. Shuka chini, bonyeza Endelea."

Mama akaiweka simu mapajani. "Wale wanaonipigia simu kwamba nimeshinda zawadi nao husema hivyohivyo: 'Usijali mama, wewe bonyeza tu.'"

Mume wangu akacheka. Mama hakucheka.

Tangu siku hiyo akawa anaifunika simu kwa kanga mume wangu akipita. Jikoni akaninong'oneza kwa Kizigua: "Mumeo anataka nini na picha zetu? Humo mna picha za mipaka ya shamba la Mkata, na shamba halijagawanywa." Alisahau kwamba Kizigua na Kishambaa ni ndugu, na mume wangu, Mshambaa wa Lushoto, alikuwa nje ya dirisha akisikia.

Nilimwambia Mama aache. Lakini mchana huohuo mume wangu alipokaa kwenye kompyuta, nilijikuta nimesimama nyuma yake, natazama anafungua nini. Akageuka.

"Na wewe?"

"Nimekuletea chai," nikasema. Mikono yangu ilikuwa mitupu.

Siku zilizofuata akawa anachelewa kurudi kutoka dukani kwake. Kisha Jumapili moja, baada ya chakula, akaketi mkekani karibu na Mama.

"Mama, naomba nikueleze. Simu haijasema kuna mwizi. Inasema haikijui hiki kisanduku. Ni kama mtu amehamia mtaani bila barua ya utambulisho."

"Basi akachukue barua."

"Barua yake namwandikia mimi, kwa sababu kisanduku ni cha humu ndani."

"Wewe umemleta, na wewe tena unamwandikia?"

Nikacheka, mume wangu naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki ile. Akamwomba Mama ashike simu mwenyewe, akamwelekeza pa kugusa, hatua kwa hatua, mpaka cheti cha kisanduku, ndiyo ile barua yake, kikaingia kwenye simu. Safari hii hakukuja wekundu. Akaja Baba, amesimama Segera, kashika mfuko wa machungwa, jua limempiga usoni.

Mama alimtazama muda mrefu. Nikadhani yameisha.

"Mbona sasa simu haisemi kitu?" akauliza. "Mmeinyamazisha?"

"Sasa inakijua, Mama."

"Zile picha za shamba zitoe humo. Zibaki kwenye simu yangu tu."

Mume wangu akaleta kompyuta, akazifuta mbele yake moja baada ya nyingine.

"Zikifutwa zinakwenda wapi?"

"Zinakaa kwanza kwenye pipa la taka."

"Zitoe na humo."

Akafungua pipa, akamwonyesha, akalimwaga. Mama akasema ahsante, mwanangu. Mume wangu akaifunga kompyuta, akavaa viatu, akasema anakwenda dukani, ingawa Jumapili huwa hafungui.