Agnesi Afunua Jiwe la Kinu cha Maji

Agnesi wa Kalinzi hawezi kuona kitu kilichofungwa akakiacha hivyo hivyo. Akiwa msichana alifungua redio ya baba yake ili aone mtangazaji anakaa wapi. Alichapwa, na baada ya hapo akafungua saa. Leo ni bibi mwenye wajukuu, mkulima wa kahawa, na kilichokuwa kikimnyima raha ni kinu cha maji kilichoko bondeni, chini ya shamba lake.

Babu yake alikuwa miongoni mwa waliochimba mfereji wa kukiletea maji, ambao mpaka leo unanywesha miche ya kahawa. Gurudumu la kinu hicho limelala chini ya sakafu. Maji yanapiga vibao vyake, linazunguka, na mhimili unaopanda juu unazungusha jiwe la juu, huku la chini likitulia. Mahindi yanaingia kwenye tundu la katikati. Meno yaliyochongwa kwenye mawe yote mawili yanayakata kama mkasi na kuusukuma unga pembeni. Hakuna dizeli, hakuna umeme wa luku. Mto unashuka bure mchana kutwa, nasi tunapanga foleni kwenye mashine ya kusaga tukingoja umeme urudi.

Kinu kilisimama masika ya mwaka ule umeme ulipofika. Watu wakasema jiwe limekwisha meno, na kwa kuwa mashine ilikuwapo, hakuna aliyehangaika kuuliza zaidi. Sasa kanisa dogo la kigango linajengwa, na kamati ya ujenzi ikaamua mawe yale yawe ngazi zake. Jumamosi, Pastory, mwenyekiti wa kamati na mdogo wa marehemu mume wa Agnesi, akateremka na wanaume wenye mitaimbo. Wakamkuta Agnesi ameketi kizingitini.

"Shemeji, toka hapo. Au tukubebe pamoja na jiwe?"

"Mtaanza na lipi? Jiwe ni jepesi kuliko mimi. Kwanza lipindueni niuone uso wake."

"Uone nini? Limekwisha."

"Nani aliliona?"

Pastory akawageukia wenzake. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwingine. Wakapenyeza mitaimbo, wakalisimamisha jiwe la juu. Uso wake ulikuwa laini kama sahani.

"Haya, umeridhika?"

Agnesi alikuwa amekwisha piga magoti. Katikati ya weusi wa jiwe aliona mistari iliyofifia, myeupe. Akaichokoa kwa kisu cha kupogolea kahawa, kipande kikabanduka, kigumu kama saruji. Akakinusa, akakilamba.

"Muhogo," akasema. "Meno yapo. Tuliyaziba sisi. Masika yale jua liligoma, tukasaga mihogo ya kuloweka kabla haijakauka. Mama mkwe wangu ndiye aliyeanza."

"Mwache mama yangu apumzike. Wako alikuwa nyuma yake kwenye foleni."

"Nipeni mpaka jioni. Lisiposaga, libebeni."

Wakachokoa wote, jiwe la juu na la chini, wakilalamika. Wakalirudisha jiwe, wakafungulia maji. Gurudumu likakoroma, likakataa, kisha likaenda. Unga wa kwanza ulitoka na makombo, wakaumwaga. Uliofuata ulitoka mweupe, una joto. Pastory akaukinga kiganjani, akautia mdomoni.

"Unakwaruza kidogo."

"Jiwe litashushwa kidogo, utalainika. Na ngazi zenu?"

Pastory akatafuna kwanza, akameza. "Mtoni kuna mawe," akawaambia wenzake. "Twendeni kabla jua halijazama."